Hans Selye: Jamaa aliyeipa stresi yako jina

Neno hili unalitumia kila siku. Kodi ya nyumba imefika na mfuko ni mkavu, una stresi. Mtihani ni kesho na hujafungua daftari, una stresi. Mtu amesoma ujumbe wako tangu asubuhi na hajajibu, hiyo nayo stresi. Hata shosho kule kijijini siku hizi analijua. Lakini babu wa babu yako hakuwahi kwenda kwa daktari akalalamika hivyo. Katika Kiingereza lilikuwa zaidi neno la wahandisi, waliozungumzia uzito unaokandamiza chuma hadi kipinde. Aliyelitoa kwenye madaraja na kulitia mwilini mwako anaitwa Hans Selye, na maisha yake yana mambo mawili ambayo ni vizuri uyajue kabla hujasema tena kwamba una stresi.

Alizaliwa Vienna tarehe 26 Januari 1907, mji huo ukiwa bado makao ya dola kubwa ya Austria na Hungary. Baba yake alikuwa Mhungary, daktari wa jeshi. Mama yake alikuwa Mwaustria. Mtoto alikulia Komárom, mji mdogo kando ya mto Danube, akizungumza lugha hii na baba na ile na mama, kama mtoto yeyote wa mjini hapa kwetu. Akiwa na miaka 11, vita vikaisha, dola ikasambaratika, na mto uliokuwa katikati ya mji ukageuzwa mpaka wa nchi mbili. Yaani unalala katika nchi moja na kuamka katika nyingine bila kuhama kitanda.

Alipofika miaka 17 alijiunga na chuo kikuu cha Kijerumani cha Prague kusomea udaktari. Ni hapo ndipo jambo la kwanza linaanzia.

Siku moja profesa aliwaletea wanafunzi wagonjwa kadhaa waliokuwa katika siku za mwanzo za maradhi tofauti ya kuambukiza. Kazi ilikuwa kutafuta dalili maalum za kila ugonjwa, zile zinazotenganisha huu na ule. Wenzake wakainamia dalili hizo. Selye, ambaye hata miaka 20 hakuwa amefikisha, akashangaa kitu kingine kabisa. Wagonjwa wote walifanana! Kila mmoja alikuwa na utando kwenye ulimi, viungo vinauma, tumbo halitulii, chakula hakipiti. Kabla mtu hajawa mgonjwa wa hiki au kile, anakuwa kwanza mgonjwa tu. Alipoomba nafasi ya kuchunguza hali hiyo, wakubwa wake walimcheka. Bila shaka mgonjwa huonekana mgonjwa, sasa hapo kuna utafiti gani? Akanyamaza, akaendelea na masomo. Alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1929 na uzamifu wa kemia mwaka wa 1931.

Mwaka huo huo alipata ufadhili wa wakfu wa Rockefeller, akavuka bahari hadi chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mwaka uliofuata akahamia chuo kikuu cha McGill mjini Montreal, Canada, kwenye maabara ya James Collip. Huyu Collip alikuwa na jina kubwa, kwa kuwa ni mmoja wa watu waliosafisha insulini hadi ikafaa kudungwa binadamu. Wakati huo kila mtafiti alikuwa akiwinda homoni mpya jinsi watu leo wanavyowinda aplikesheni itakayowatajirisha. Selye naye akataka yake.

Alienda kichinjioni kuchukua ovari za ng'ombe, akazisaga, akatengeneza maji yake na kuwadunga panya. Alipowapasua aliona mambo matatu. Tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo kama kofia, zilikuwa zimevimba. Tezi ya thaimasi, ambayo husaidia kinga ya mwili, ilikuwa imenywea. Na tumbo lilikuwa na vidonda vinavyotoka damu. Hakuna homoni iliyojulikana iliyofanya mambo hayo yote matatu kwa pamoja. Kijana wa miaka 28 akaamini amegundua homoni mpya. Unaweza kufikiria furaha yake.

Furaha hiyo haikudumu. Alijaribu maji ya kondo la nyuma, matokeo yakawa yale yale. Ya figo, vivyo hivyo. Ya wengu, vivyo hivyo. Kibaya zaidi, kadiri maji yalivyokuwa machafu ndivyo madhara yalivyozidi, ilhali homoni ya kweli hupata nguvu kadiri unavyoisafisha. Mwishowe akachukua fomalini, ile dawa kali inayotumiwa kuhifadhi maiti, akamdunga panya. Adrenali zilivimba, thaimasi ikanywea, vidonda vikatokea. Hapakuwa na homoni yoyote. Miezi ya kazi ilikuwa imekwenda na maji, na kwa siku kadhaa hakuweza kufanya lolote.

Kisha akawakumbuka wale wagonjwa wa Prague. Je, kama kilichompata panya si kazi ya sumu hii au ile, bali ni jibu la mwili kwa taabu yoyote ile? Wazo lililochekwa likarudi, safari hii likiwa na vipimo. Aliwaweka panya juu ya paa la jengo la chuo katika baridi ya Montreal, ambayo si mchezo. Aliwakimbiza hadi wakachoka kabisa. Aliwapa dawa nyingi karibu na kiasi cha kuua. Panya hao waliteswa, tusifichane, na leo kamati za maadili zingekuwa na maswali. Lakini kila mara alikuta yale mambo matatu.

Tarehe 4 Julai 1936 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha barua yake fupi, isiyojaza hata ukurasa. Kichwa chake hakina neno stresi; kinazungumzia tu vitu mbalimbali vyenye madhara. Lakini wazo zima limo. Kwanza mwili hupiga king'ora, kwa saa 6 hadi 48. Kisha huzoea, na kwa juma baada ya juma panya huonekana kama amepona. Taabu isipokoma, baada ya mwezi mmoja hadi mitatu nguvu humwishia na hufa akiwa na dalili zile zile za mwanzo. Neno lenyewe alilizoea baadaye, na alikiri kwamba Kiingereza chake hakikuwa kizuri wakati huo, kwani wahandisi wana neno jingine ambalo lingefaa zaidi. Amekuwa Mhungary mwenye Kiingereza cha kuungaunga, na dunia nzima imelibeba kosa lake. Wafaransa, Wajerumani na Waitaliano walishindwa kulitafsiri wakalichukua vivyo hivyo, kama ulivyofanya wewe. Wanaoandika Kiswahili sanifu husema msongo au mfadhaiko, lakini hebu sikiliza watu ndani ya matatu.

Sasa twende kwenye ubongo, maana Selye hakuridhika na kuona nyayo tu. Alitaka kumjua aliyepita. Alitoa kwa upasuaji tezi ya pituitari ya panya, kisha akawatesa kama kawaida. Pituitari ni kitu kidogo kama njegere kinachoning'inia chini ya ubongo, nyuma ya pua. Bila hiyo, adrenali hazikuvimba. Akatoa adrenali, na thaimasi haikunywea. Basi mnyororo ukaonekana: pituitari inaituma adrenali kwa homoni inayoitwa ACTH, na adrenali inaurekebisha mwili mzima kwa homoni zake. Lakini pituitari ni njegere tu. Haina macho, haijui kuna baridi wala simba. Nani anaiambia? Selye alimwita mjumbe huyo mpatanishi wa kwanza, na akamtafuta kwa miaka mingi bila kumpata.

Uingereza kulikuwa na mtaalamu mwingine, Geoffrey Harris, aliyeshikilia kwamba sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari, hipothalamasi, humwaga kemikali kwenye vimishipa vidogo vya damu vinavyoteremka hadi kwenye tezi hiyo. Mwaka wa 1952, yeye na Dora Jacobsohn walihamisha pituitari za panya. Zilizowekwa kando ya ubongo zililala usingizi. Zilizorudishwa chini ya hipothalamasi zilifanya kazi tena. Kwa hiyo mjumbe yupo, na anasafiri kwa damu. Ila bado hakuna aliyemshika.

Hapo anaingia Roger Guillemin, daktari kijana Mfaransa aliyemsikiliza Selye akihutubu Paris, akafunga virago na kumfuata Montreal. Selye wakati huo alikuwa mkubwa. Tangu 1945 aliongoza taasisi yake mwenyewe katika chuo kikuu cha Montreal, na panya walikuwa kila mahali. Guillemin alifanya uzamifu chini yake, akaumaliza mwaka wa 1953, kisha akaondoka kwenda Texas. Mwaka wa 1955 aliweka vipande vya pituitari na vya hipothalamasi katika chupa moja. ACTH ikatoka. Bila hipothalamasi ilikauka. Mwaka huo huo, kule McGill, Murray Saffran na Andrew Schally walionyesha jambo hilo kwa njia yao wenyewe. Mjumbe akapewa jina, CRF, hata kabla hajashikwa.

Kumshika kulikuwa shughuli nyingine. Guillemin na Schally wakawa mahasimu kwa zaidi ya miaka 20, mmoja akikusanya bongo za kondoo na mwingine za nguruwe kutoka vichinjioni, mamilioni, ili kupata chembe ya kemikali isiyoonekana kwa macho. CRF iliwashinda wote. Waliiacha kwa muda, wakapata wajumbe wengine wa hipothalamasi, na mwaka wa 1977 wakagawana Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Rosalyn Yalow. Selye, aliyependekezwa kwa tuzo hiyo mara nyingi na hakuipata hata mara moja, alikuwa na miaka 70. Mwanafunzi wake alikuwa Stockholm, yeye alikuwa Montreal.

Ili ujue walikuwa wakigombania nini, jifikirie unavuka barabara, macho kwenye simu, na bodaboda inapita puani mwako bila honi. Moyo unaruka hapo hapo. Hiyo ni adrenalini, iliyoamshwa moja kwa moja na neva. Lakini katika sekunde hizo hizo hipothalamasi inamwaga CRF, ikisaidiwa na vasopresini, ambayo kazi yake nyingine ni kuzuia figo zisimwage maji ovyo. Mbili hizi zikifika pamoja, pituitari hutoa ACTH nyingi kuliko kila moja ikija peke yake. ACTH inaingia kwenye damu, inafika juu ya figo, na baada ya dakika chache kortisoli inapanda: sukari inamiminwa kwenye damu, na kazi zisizo za haraka kama kusaga chakula zinasubiri. Kisha kortisoli yenyewe inarudi kwenye ubongo na kuzima mtambo. Mtambo huu ni wa dharura. Umeundwa kuwaka na kuzimika.

CRF na vasopresini ni nyuropeptidi, yaani vijumbe vya ubongo vilivyoundwa kwa asidi amino zilizotungwa kama shanga kwenye uzi. ACTH nayo ni uzi kama huo, wa shanga 39. Na hapa kuna jambo ambalo mimi hunifurahisha kila nikilikumbuka. Pituitari haitungi ACTH peke yake. Inatunga kwanza uzi mrefu, kisha inaukata, na katika kipande kingine cha uzi huo huo hutokea beta-endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea. Mwaka wa 1977 Guillemin na wenzake walionyesha kwamba panya akipata mshtuko wa ghafla, ACTH na beta-endofini hutoka pamoja. King'ora na dawa vinatoka kwenye kiwanda kimoja, kwa amri moja. Ubongo nao una endofini zake, na hizo ni sehemu ya sababu ya mtu kuumia kwenye ajali, akakimbia, kisha maumivu yakaja baadaye akiwa ameketi.

Turudi kwa mzee. Alikuwa akiamka gizani, akafanya mazoezi na kuwa maabarani kabla watu hawajanywa chai. Aliandika zaidi ya makala 1,500 na vitabu kwa makumi. The Stress of Life, cha mwaka wa 1956, kilimfanya maarufu kwa watu wa kawaida. Mwaka huo huo mama yake aliuawa kwa risasi Hungary wakati wa maasi dhidi ya utawala wa kikomunisti. Yeye aliendelea kufanya kazi. Baadaye alianza kufundisha kwamba si kila msongo ni mbaya, kuna ule wa harusi, wa mechi, wa kazi unayoipenda, na huo hauna haja ya kuukimbia.

La pili sasa, na hili halipendezi. Watu wengi walianza kuugua mapafu na moyo kwa sababu ya sigara, na kampuni za sigara zilitafuta kitu kingine cha kulaumu. Stresi ilifaa sana. Nyaraka za ndani za kampuni hizo, zilizotolewa hadharani baada ya kesi nchini Marekani, zinaonyesha kwamba mawasiliano na Selye yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka wa 1969 alifika mbele ya kamati ya bunge la Canada na kutetea wazo kwamba uvutaji sigara unaweza kumsaidia mtu kukabiliana na msongo. Utafiti wake ulipata fedha za kampuni hizo, na umma haukuambiwa. Ni mwaka wa 2011 ndipo watafiti wa London walipozipanga nyaraka hizo na kuandika habari nzima.

Usiniambie alikuwa hajui namna fedha zinavyofanya kazi. Alikuwa mtu mwerevu mno kwa kisingizio hicho. Alikuwa na taasisi kubwa ya kulisha, na walikuja na hundi. Ninamheshimu kwa yale ya 1936, na hili namwekea mezani vilevile.

Linalochoma zaidi ni kwamba mnyororo alioufichua yeye mwenyewe unaisuta hoja hiyo. Nikotini huamsha hipothalamasi. Mvutaji akivuta sigara yenye nikotini nyingi, ACTH na kortisoli yake hupanda, hazishuki. Ule utulivu anaousikia kwa kiasi kikubwa ni kuondolewa kiu ambayo sigara iliyopita ndiyo iliyoileta. Mtu akikuuzia kipakiti cha nikotini cha kubana mdomoni kwamba kitakutoa stresi, anakuuzia maneno yaliyolipiwa kabla wazazi wako hawajazaliwa.

Hata sayansi yake haikupita bila kupingwa. Alishikilia kwamba mwili hujibu taabu zote kwa namna moja. Katika miaka ya 1960 na 1970 Mmarekani John Mason alifanya majaribio na nyani. Nyani walionyimwa chakula huku wakiwaona wenzao wakila walipandisha homoni za msongo. Walipotengwa na kupewa vidonge vitamu visivyo na lishe, wakiwa na njaa ile ile, homoni hazikupanda hivyo. Basi haikuwa njaa tupu. Ilikuwa kuona umesahauliwa, kutojua kinachokuja. Selye hakulipenda jibu hilo, lakini leo ni vigumu kulikwepa, na kama umewahi kulala njaa bila wasiwasi halafu ukakosa usingizi kwa sababu ya picha za sherehe ambayo hukualikwa, utaelewa nyani hao bila mwalimu.

Selye alistaafu kutoka taasisi yake mwaka wa 1976, akiwa tayari amepambana na saratani na kuipita. Mwaka wa 1981, huko California, Wylie Vale, aliyefunzwa na Guillemin, alitumia vipande vya hipothalamasi vya karibu kondoo nusu milioni na hatimaye akamsoma mjumbe kutoka mwanzo hadi mwisho: uzi wa shanga 41. Watafiti walipoutia kwenye bongo za panya, panya hao waliogopa na kuacha kula hata kama hakuna kilichowatisha, na huko kukosa hamu ya chakula ni dalili ambayo mwanafunzi mmoja alikuwa ameiona kwenye vitanda vya Prague miaka 55 kabla yake. Hans Selye alifariki Montreal tarehe 16 Oktoba 1982, mwaka mmoja na mwezi hivi baada ya mpatanishi wa kwanza kushikwa, katika maabara ya watu wengine.